Somo la Mwezi: Je, Nyumba Yetu Itaiweza Pikipiki Hii?



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo limefika karibu kila boma: kununua pikipiki. Tukitembelea vikundi huku Kitui, tunaulizwa habari za pikipiki kuliko habari za mbegu au mbuzi. Kijana anataka kuacha kibarua aingie steji. Mzee anataka ya kumfikisha sokoni. Mama anataka kubeba gunia lake la ndengu bila kungoja matatu tangu alfajiri. Na wengi wakiulizwa wanataka ipi, watasema ile kubwa, ile mpya, ile ya bei.

Hatusemi wanakosea. Pikipiki imelisha watoto wa watu. Imebeba mama mjamzito usiku wa manane mahali ambapo gari haliingii. Kwa hivyo somo hili si la kukataza mtu. Ni la kutusaidia kukaa chini na kuhesabu kabla ya kusaini karatasi yoyote. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima kwanza akae na kupiga hesabu ya gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Someni mfano huo pamoja, Luka sura ya 14, mstari wa 28 hadi 30.

LENGO LA SOMO: Mwishoni, kila mwanakikundi aweze kuandika madaftari mawili, la nyumba na la pikipiki, na kuyaweka pamoja ili aone kama nyumba yake itaweza au haitaweza.

MUDA: Saa mbili. Msiharakishe.

VIFAA: Daftari, kalamu, na bakuli moja la maharagwe. Maharagwe ni ya wale ambao hawakusoma sana, maana hesabu ya pesa si ya wasomi peke yao.

KUONA

Tuanze kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kikundi tulichokuwa tukikilea alitujia ofisini. Alikuwa mtu wa bidii, hanywi, hachezi kamari. Alitaka barua ya kumtambulisha kwa watu wanaotoa pikipiki kwa mkopo. Tulifurahi. Tulimwandikia barua siku hiyo hiyo, tukapiga muhuri, na kikundi kikamdhamini. Malipo ya kwanza yalitoka kwa mama yake, mjane, ambaye aliuza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa. Hakuna aliyeuliza swali hata moja la hesabu, na sisi tulikuwa wa kwanza kutouliza. Tuliona bidii ya kijana, tukadhani inatosha.

Mwezi wa saba pikipiki ilichukuliwa. Kijana hakuwa ameiharibu wala kuitoroka. Mvua ya Novemba iliharibu barabara, akakosa kazi majuma mawili, halafu akaugua, halafu malipo yakarundikana. Wenye mkopo walikuja asubuhi moja wakaipakia kwenye lori. Pesa zote alizokuwa amelipa zilikwenda nayo.

Mama yake aliacha kuja kikundini. Tulipokwenda kumwona, alitupokea vizuri, akatupikia chai ya rangi. Alisema tu, "Mniwie radhi, siku hizi maziwa hakuna." Hakutulaumu. Lakini tangu siku ile hatujatoa barua ya namna hiyo kabla ya kukaa na mtu na familia yake tukapiga hesabu. Somo hili limetoka katika kile kikombe cha chai.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema watu wasikope. Walitukumbusha kwamba siku ya kukopa na siku ya kulipa hazifanani, na mtu mwenye busara huiangalia siku ya kulipa kwanza.

Sasa mjadili kwa dakika kumi: Je, hapa kwetu tunamjua mtu ambaye pikipiki ilimwinua? Na tunamjua ambaye ilimwangusha? Tofauti yao ilikuwa nini? (Msitaje majina kwa kumwaibisha mtu.)

KUAMUA

Tutatumia familia moja ya mfano. Tuwaite Baba Mwende na Mama Mwende. Si watu wa kweli, tumewatengeneza kwa ajili ya somo, na bei zote ni za mfano. Nyinyi mtaweka bei za kwenu. Baba Mwende ni fundi wa mjengo. Mama Mwende anauza mboga sokoni. Wana watoto watatu, mmoja yuko sekondari, na wanakaa na nyanya yao.

Hatua ya kwanza: Daftari la nyumba

Andikeni kila pesa inayoingia kwa mwezi. Zile zinazoingia mara moja au mbili kwa mwaka, kama za mavuno, zijumlisheni kisha mzigawanye kwa 12.

Kazi ya mjengo: Sh. 9,000
Mboga sokoni: Sh. 6,000
Kuku na mayai: Sh. 1,500
Ndengu (Sh. 36,000 kwa mwaka, kugawanya kwa 12): Sh. 3,000
Jumla inayoingia: Sh. 19,500

Sasa andikeni zinazotoka:

Chakula cha kununua: Sh. 6,500
Ada na mahitaji ya shule (Sh. 36,000 kwa mwaka): Sh. 3,000
Sabuni, makaa na taa: Sh. 1,500
Maji: Sh. 800
Matibabu na bima ya afya: Sh. 1,200
Nauli na simu: Sh. 1,800
Kanisa, kikundi, harambee na matanga: Sh. 1,500
Nguo na kurekebisha nyumba: Sh. 700
Mbegu na kulima: Sh. 1,000
Jumla inayotoka: Sh. 18,000

Zinabaki Sh. 1,500. Hizo ndizo pumzi ya nyumba hii.

Kwa maharagwe: kila punje moja ni Sh. 500. Hesabuni punje 39 za pesa zinazoingia, mziweke katikati. Kila mmoja aondoe za matumizi, fungu kwa fungu, akitaja kwa sauti: "Hizi 13 ni za chakula. Hizi 6 ni za shule." Mkimaliza, punje 3 ndizo zitabaki katikati. Ziangalieni vizuri. Mzee akisema "pikipiki itajilipa," muulizeni kwa heshima: kabla haijaanza kujilipa, italipwa na punje zipi?

Tahadhari moja. Akina baba wengi huandika daftari hili peke yao, na halitoki sawa. Baba hajui sabuni inaisha lini. Mama hajui deni la dukani la mzee. Kaeni wote wawili, na kama kuna mtoto mkubwa, akae pia.

Hatua ya pili: Bei ya kweli ya pikipiki

Baba Mwende amekwenda mjini akaonyeshwa pikipiki mbili mpya.

Ya kwanza ni ya cc 150. Bei ya pesa taslimu ni Sh. 195,000. Kwa mkopo wa muuzaji, atalipa Sh. 35,000 kwanza, halafu Sh. 3,000 kila juma kwa majuma 78, yaani mwaka mmoja na nusu.

Ya pili ni ya cc 100. Bei ya pesa taslimu ni Sh. 140,000. Kwa mkopo, Sh. 25,000 kwanza, halafu Sh. 2,150 kila juma kwa majuma 78.

Muuzaji atawaambia, "Ni elfu tatu tu kwa juma." Hilo neno "tu" ni hatari. Fanyeni hesabu ndefu:

Kubwa: 3,000 mara 78 ni Sh. 234,000. Ongeza Sh. 35,000. Jumla Sh. 269,000. Yaani Sh. 74,000 juu ya bei ya taslimu.

Ndogo: 2,150 mara 78 ni Sh. 167,700. Ongeza Sh. 25,000. Jumla Sh. 192,700. Yaani Sh. 52,700 juu ya bei ya taslimu.

Mnaona? Pikipiki ndogo kwa mkopo inakaribia bei ya kubwa kwa taslimu. Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe "kwa juma ni ngapi?" Liwe: "Nikimaliza, nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi?" Akikataa kuwaandikia hiyo jumla kwenye karatasi, shikeni njia mrudi nyumbani.

Kuna pia gharama za kuanzia ambazo watu husahau: kujifunza na leseni (ya boda boda ni daraja A3), bima, helmeti mbili, na jaketi mbili za kung'aa, yako na ya abiria. Sheria inavitaka vyote. Katika mfano wetu tumeziacha ili hesabu iwe nyepesi, lakini nyinyi msiziache.

Hatua ya tatu: Daftari la pikipiki

Tuseme Baba Mwende ameingia steji. Anafanya kazi siku 24 kwa mwezi. Hatuweki siku 30, maana kuna Jumapili, kuna mvua, kuna matanga, kuna siku iko kwa fundi. Kwa siku anapata Sh. 1,200.

Inaingia: 1,200 mara 24 ni Sh. 28,800

Inatoka:
Petroli (lita 2 kwa siku, tumeweka Sh. 190 kwa lita): Sh. 9,120
Oili ya injini, mara mbili kwa mwezi: Sh. 1,200
Tairi, cheni, breki na spea nyingine: Sh. 1,500
Bima: Sh. 500
Michango ya steji: Sh. 500
Chakula cha mchana (Sh. 100 kwa siku): Sh. 2,400
Jumla inayotoka: Sh. 15,220

Zinabaki Sh. 13,580.

Bei ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na huweza kupanda ghafla. Ikipanda Sh. 20 kwa lita, Baba Mwende anapoteza Sh. 960 kwa mwezi. Na ile pesa ya tairi na spea, hata kama mwezi huu hakuna kilichoharibika, iwekwe kando. Tairi haliishi kidogo kidogo mfukoni. Linaisha siku moja.

Hatua ya nne: Yawekeni madaftari pamoja

Hapa ndipo wengi huanguka, hata wale wanaojua hesabu. Sikilizeni vizuri.

Malipo ya pikipiki kubwa ni Sh. 3,000 kwa juma. Kwa mwaka ni majuma 52, kwa hivyo kwa mwezi ni Sh. 13,000. Pikipiki imebakisha Sh. 13,580. Toa Sh. 13,000, zinabaki Sh. 580. Baba Mwende anafurahi: "Mmeona? Imejilipa!"

Ni kweli, imejilipa. Lakini yeye ameacha kazi ya mjengo ili aketi steji. Zile Sh. 9,000 zilizokuwa zikiingia nyumbani haziko tena. Turudi kwenye daftari la nyumba:

Iliyokuwa ikibaki zamani: Sh. 1,500
Ongeza nauli waliyookoa: Sh. 1,000
Ongeza baki ya pikipiki: Sh. 580
Toa kazi ya mjengo iliyoachwa: Sh. 9,000
Nyumba inapungukiwa: Sh. 5,920 kila mwezi

Kwa miezi 18, huo ni upungufu wa Sh. 106,560. Utatoka wapi? Tunajua utakapotoka. Utatoka kwenye ada ya mtoto wa sekondari. Utatoka kwenye mbuzi, mmoja baada ya mwingine. Utatoka kwenye deni la dukani. Kila siku baba ataonekana ana kazi, ana pikipiki inayong'aa, na nyumbani mama atakuwa anapunguza kipimo cha unga asijue kwa nini.

Ndiyo maana tunasema pikipiki inaweza kujilipa na bado ikaila nyumba. Daftari la pikipiki peke yake halitakuonyesha. Ni mpaka uliweke kando ya daftari la nyumba.

Sasa tujaribu ile ndogo kwa mkopo wa muuzaji. Mapato ni yale yale, maana abiria wa sokoni hulipa nauli ile ile, haulizi cc. Malipo kwa mwezi ni karibu Sh. 9,320. Pikipiki inabakisha Sh. 4,260. Nyumbani: 1,500 jumlisha 1,000 jumlisha 4,260, toa 9,000. Bado wanapungukiwa Sh. 2,240 kila mwezi. Ni afadhali, lakini bado ni shimo.

Je, basi Baba Mwende asinunue kabisa? Hapana. Kuna njia ya tatu, ila inataka subira ya mwaka mmoja.

Zile Sh. 35,000 alizotaka kumpa muuzaji, anaziweka akiba katika SACCO yake. SACCO nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini. Kwa mwaka huo anaendelea na mjengo. Nyumba inaweka zile Sh. 1,500 kila mwezi, zinakuwa Sh. 18,000. Wanauza mbuzi wawili kwa Sh. 17,000. Sasa wana Sh. 35,000 nyingine mkononi. Wanakopa Sh. 105,000, mara tatu ya akiba, na wananunua ile ndogo ya Sh. 140,000 kwa taslimu.

Tuseme riba ni asilimia 1 kwa mwezi, ya kupungua, kwa miezi 24. Riba ya kupungua maana yake ni kwamba kila mwezi unatozwa kwa deni lililobaki tu, si kwa lile la mwanzo. Mwezi wa kwanza atalipa Sh. 4,375 ya deni na Sh. 1,050 ya riba, jumla Sh. 5,425. Kila mwezi inashuka kidogo. Riba yote kwa miezi 24 itakuwa Sh. 13,125. Pikipiki itakuwa imemgharimu Sh. 153,125. Kwa muuzaji ingekuwa Sh. 192,700.

Daftari la nyumba sasa linasema hivi: 1,500 jumlisha 1,000 jumlisha 13,580, toa 5,425, toa 9,000. Zinabaki Sh. 1,655. Nyumba haijarudi nyuma hata mwezi mmoja. Deni likiisha, zitabaki Sh. 7,080 kila mwezi, na ile akiba ya Sh. 35,000 bado ni yake. Kutoka hapo aanze kuweka za pikipiki nyingine, maana hii itazeeka.

Rudini kwenye maharagwe mhesabu tena. Pikipiki ni ile ile ndogo, barabara ile ile, dereva yule yule. Kwa njia moja nyumba inapungukiwa punje 4 na nusu kila mwezi. Kwa njia nyingine inabakiza punje 3. Kilichobadilika ni mwaka mmoja wa kungoja.

Je, ile kubwa haifai kamwe?

Inaweza kufaa. Kama kazi yako ni kubeba mitungi ya maji au mikebe ya maziwa kupanda vilima kila siku, injini ndogo itachoka mapema, na kubwa itakulipa. Kama una mteja wa mizigo anayekulipa zaidi ya abiria, andika hiyo pesa kwenye daftari uone. Ulizeni pia: Spea zake zinapatikana soko letu, au ni mpaka mjini? Fundi wetu anaijua? Ikiuzwa baada ya miaka miwili, wanaitaka?

Lakini kama sababu ni kwamba jirani anayo, au kwamba inanguruma vizuri, hiyo si sababu ya daftari. Na kama ni ya kwenda kanisani na sokoni tu, haiingizi hata shilingi. Basi malipo yake yote, petroli yake yote, yatoke kwenye zile punje 3. Mtajua wenyewe.

KUTENDA

Haya ndiyo tunayoomba kila kikundi kifanye kabla mwanakikundi hajanunua kwa mkopo.

1. Endesha ya mtu kwanza. Tumesema Sh. 1,200 kwa siku, lakini hiyo ni namba ya karatasi. Ukiwa na leseni, omba kuendesha pikipiki ya mtu kwa miezi miwili, ukimpelekea mwenyewe hesabu yake ya kila siku. Jioni andika ulichopata, petroli, na matengenezo. Mwezi mmoja uwe wa mvua ukiwezekana. Baada ya hapo utakuwa na namba ya kweli.

2. Pima kwa mwezi mbaya. Mwezi wa Agosti, ndengu zimeuzwa, kila hesabu inapendeza. Chukua Januari, ada inadaiwa. Chukua Novemba, barabara ni matope. Kama Januari yako haiwezi, mkopo wako hauwezi.

3. Mke na mume wakubaliane. Kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu mama aliona pikipiki ikiingia bomani bila kuulizwa. Na shamba la familia lisiwekwe rehani kwa siri. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka kibali cha mke na mume, wote wawili, kabla mali ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani.

4. Soma karatasi kabla ya kusaini. Ulizeni: Nikichelewa siku ngapi mtaichukua? Mkiichukua, pesa nilizolipa zinakwendaje? Logbuku itakuwa kwa jina la nani, na nikimaliza nitaipata vipi? Kama karatasi ni ya Kiingereza na huelewi, njoo nayo parokiani au mpe mwalimu akusomee. Si aibu.

5. Lipa bima ya afya ya familia. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Dereva wa pikipiki akivunjika mguu, kazi imesimama, malipo hayasimami, na hospitali inadai. Weka pia akiba ya angalau malipo ya mwezi mmoja, usiiguse.

6. Wadhamini nao wahesabu. Ukimdhamini mwenzako, deni lake ni lako. Ombeni muone madaftari yake mawili. Asipoyaonyesha, mkataeni kwa upole. Sisi hatukukataa, na mnajua kilichotokea.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika daftari la nyumba yangu, punje ngapi zinabaki? Na kama hazibaki, zinakwenda wapi?

2. Vijana wetu wanataka pikipiki mpya ya bei kali. Tunawezaje kuwashauri bila kuwavunja moyo?

3. Je, kikundi chetu kinaweza kuanzisha mfuko wa akiba, ili vijana wetu wafikie bei ya taslimu mapema? Kila mmoja aweke ngapi kwa juma?

4. Katika kikundi chetu kuna mtu aliyeanguka kwa deni na akaacha kuja? Nani atakwenda kumwona juma hili?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila familia iandike daftari la nyumba la mwezi mmoja. Si lazima lionyeshwe kwa wengine. Mwenyekiti ataulizia tu, "Mmeandika?" na mtajibu ndiyo au bado.

Kuhusu yule mama tuliyemtaja: kikundi kilikaa, kikaona kwamba kosa halikuwa la kijana peke yake. Wanachama walichanga kidogo kidogo katika mzunguko, na zamu mbili zikampitia yeye. Hazikutosha ng'ombe. Zilitosha mbuzi wawili wa maziwa. Amerudi kikundini, na huketi mbele. Kijana alirudi kwenye mjengo, na sasa anaweka akiba katika SACCO. Anasema safari hii atanunua ndogo.

SALA YA KUFUNGA: Ee Mungu Baba yetu, wewe unayejua mahitaji ya kila nyumba, utupe macho ya kuona tulicho nacho, subira ya kungoja kisichoiva, na ujasiri wa kusema ukweli sisi kwa sisi. Uwalinde vijana wetu barabarani, na uwarudishe nyumbani kila jioni. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.